Vipuri na Usuli wa Manowari za Aina ya Königsberg: Mfano wa Delta ya Rufiji, 1914–1916

Manowari Königsberg ilishushwa majini mjini Kiel mwaka 1905, ikiwa ya kwanza katika aina ya manowari nne nyepesi za Ujerumani. Nyingine zilikuwa Nürnberg, Stuttgart na Stettin. Kuitwa aina moja, hata hivyo, hakukumaanisha kwamba kila kipuri cha chombo kimoja kingekifaa kingine. Stettin iliendeshwa kwa turbaini, ilhali tatu zilizobaki zilitumia injini za mvuke zenye pistoni. Königsberg yenyewe ilikuwa fupi kidogo kuliko wenzake. Isitoshe, vita vilipoanza mwaka 1914, hapakuwa na manowari nyingine ya aina hiyo katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Udhaifu huo haukuwa wa Wajerumani peke yao. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, ilipokuwa imetia nanga ili mitambo yake itengenezwe. Baada ya ushindi huo, mitambo ya Königsberg nayo iliharibika. Chombo kikajificha katika delta ya Rufiji, na sehemu zilizoharibika zikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha zikarudishwa. Zilivutwa kwa nguvu za watu. Hapa ndipo maelezo ya kiufundi yanapopungukiwa: simulizi za vita hivyo humtaja sana kamanda Max Looff, lakini waliovuta vyuma hivyo hutajwa kwa wingi wao tu. Mtafiti anayeandika kutoka Kishapu, katika nchi ya Wasukuma ambako upagazi wa kwenda pwani ulikuwa kazi mashuhuri katika karne ya 19, hawezi kuliona pengo hilo kuwa dogo.

Injini iliyotengenezwa haikutosha bila makaa ya mawe. Meli Rubens, iliyojibadilisha jina kuwa Kronborg, iliyabeba hadi Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915, ikashambuliwa. Silaha nyingi ziliopolewa, lakini makaa hayakuifikia Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa kwa mizinga ya Severn na Mersey.

Kuanzia hapo chombo chenyewe kikawa ghala la vipuri. Mizinga yake yote 10, yenye kipenyo cha milimita 105, iliopolewa na kuundiwa magurudumu Dar es Salaam ili itumike nchi kavu. Mmoja ulifika Kigoma, ukafungwa katika meli Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa na Waingereza, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mzinga mwingine wa Königsberg umewekwa Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mmoja wa Pegasus.