Je, Wajua? Chama Kinapokuambia Uweke Tiki Wapi

Sogea karibu, ndugu yangu wa kata ya Pito, Rukwa. Leo tunaongea kuhusu kura ya maoni: ile ambayo hakuna mgombea, kuna swali tu, na jibu ni Ndiyo au Hapana. Sisemi zile kura za maoni za kumpata mgombea ndani ya chama, hizo unazijua vizuri.

Je, wajua kwamba Tanzania nzima, Bara na Visiwani kwa pamoja, haijawahi kupiga kura ya maoni ya kupitisha katiba? Hata mara moja! Ilibaki kidogo tu: tarehe ilishapangwa, 30 Aprili 2015. CCM ilikuwa inasema Ndiyo, muungano wa wapinzani, UKAWA, unasema susia. Aprili hiyohiyo Jaji Damian Lubuva, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, akatangaza kuahirisha. Sababu? Uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole, zile za BVR, ulikuwa umeanzia Makambako mwezi Februari na sehemu kubwa ya nchi ilikuwa bado haijafikiwa.

Je, wajua rasimu ya pili ya katiba hiyo, ile ya Tume ya Jaji Warioba, ilikuwa na ibara 271 na serikali tatu? Ilipotoka mikononi mwa Bunge Maalum la Katiba, Oktoba 2014, ilikuwa na serikali mbili. Na shika hili: baadhi ya wajumbe walipiga kura zao wakiwa Makka, katika Hija! Kanuni zilibadilishwa ili sauti zao zifike Dodoma.

Makamu Mwenyekiti wa Bunge hilo unamkumbuka? Samia Suluhu Hassan. Miaka saba haijatimia, akawa Rais.

Na je, wajua kwamba sheria ya kura ile iliyoahirishwa haikutaka wingi wa jumla tu? Ndiyo ilipaswa kuvuka asilimia 50 Bara, na kuvuka asilimia 50 Zanzibar, kila upande kivyake. Mamilioni ya Bara wangeweza kusema Ndiyo, na Zanzibar peke yake ikazuia. Hebu litafakari hilo!

Waulize wazee wako. Mara 6, kuanzia 1965 hadi 1990, Rais wa Tanzania alichaguliwa kwa Ndiyo au Hapana. Jina moja tu kwenye karatasi! Mwalimu Nyerere mwaka 1965 alipata zaidi ya asilimia 96.

Lakini usidhani wapiga kura walikuwa wamelala. Kwenye ubunge, chama cha TANU kilileta majina mawili karibu kila jimbo, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweke alama bila kubabaika. Mwaka 1965 jembe na nyumba zilimwangusha Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Waziri wa Fedha mzima!

Turudi nyuma zaidi. Januari 1958, katika mkutano wake wa Tabora, TANU ilikuwa na mtihani mzito: Waingereza walitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, la sivyo kura yake imeharibika. Na ili upige kura, ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kisomo, au cheo. Wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, ukaitwa Uamuzi wa Busara, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakazoa viti. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, ANC.

Je, wajua Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni kuhusu mfumo wa vyama, iliambiwa na takriban asilimia 80 ya Watanzania waliohojiwa kwamba nchi ibaki na chama kimoja? Takriban asilimia 20 tu ndio waliotaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vingi, CCM ikakubali, na Julai 1992 vyama vingi vikawa sheria. Wachache walishinda wengi, na binafsi naona ule ulikuwa uamuzi mkubwa wa kizazi kile.

Sasa vuka mpaka pale Kasesya, uingie Zambia, majirani zetu wa Ufipa. Agosti 2016 waliulizwa kuhusu haki za binadamu katika katiba yao, siku moja na uchaguzi mkuu. Chama tawala cha PF kikasema Ndiyo, UPND ya Hakainde Hichilema ikasema Hapana. Ndiyo ikapata asilimia 71. Na ikashindwa! Sheria ilidai angalau nusu ya watu wote wenye haki ya kupiga kura wajitokeze, na nusu haikufika. Umesikia vizuri: asilimia 71, na bado imeanguka.

Hawahawa Wazambia, mwaka 1969, chama cha UNIP cha Kenneth Kaunda kiliwaomba wapige kura ya maoni ya kuondoa ulazima wa kura za maoni katika kubadili katiba. Wakaikubali, takriban asilimia 85.

Malawi nako, 14 Juni 1993: jogoo dhidi ya taa ya chemli! Chama cha Kamuzu Banda kilisimama na jogoo, yaani chama kimoja kiendelee. Wapinzani walibeba taa. Taa ikashinda kwa karibu asilimia 65, baada ya Banda kutawala kwa karibu miaka 30.

Na Kenya? Kenya ni hazina. Mwaka 2005, katika kura ya katiba mpya, Ndiyo ilikuwa ndizi, Hapana ilikuwa chungwa. Rais Kibaki alishika ndizi. Raila Odinga na Uhuru Kenyatta walishika chungwa pamoja. Ndizi ikapata asilimia 42 hivi tu, na siku mbili baadaye Kibaki akafuta karibu baraza lake lote la mawaziri. Lile chungwa halikuishia hapo, likageuka chama: ODM.

Mwaka 2010 wakarudi, safari hii rangi: kijani Ndiyo, nyekundu Hapana. Kibaki na Raila wakawa upande mmoja, na kijani kikapita kwa zaidi ya theluthi mbili ya kura. Kinara wa nyekundu alikuwa nani? William Ruto. Mwaka 2022 akaapishwa kuwa Rais, kwa katiba ileile aliyowaambia watu waikatae!

Uganda wana yao. Mwaka 2000 Rais Museveni na Movement yake, mfumo usio na vyama, waliwaambia watu wasirudishe vyama, wakapata zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2005 haohao wakasema virudi, wakapata asilimia 92. Wapinzani wenye kiu ya vyama walisusia zote mbili.

Zanzibar, 31 Julai 2010, walipiga kura kuhusu Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF, mahasimu wa miaka mingi, wote walisema Ndiyo. Hata hivyo asilimia 33 walisema Hapana! Mtu mmoja kati ya watatu alimsikiliza kiongozi wake, kisha akafuata moyo wake.

Sudan Kusini, Januari 2011: mkono mmoja ulimaanisha kujitenga, mikono miwili iliyoshikana ilimaanisha umoja. Mkono mmoja ulipata asilimia 98.83.

Comoro, 1974: karibu asilimia 95 ya wapiga kura wa visiwa vyote kwa pamoja walitaka uhuru. Mayotte peke yake ilikataa, kwa zaidi ya asilimia 63, na mpaka leo ni Ufaransa.

Mwisho kabisa, twende California, Marekani. Novemba 2016 mpiga kura alikuta maswali 17 ya jimbo kwenye karatasi yake, na kijitabu cha maelezo chenye kurasa 224! Ndiyo maana matawi ya vyama huko, mpaka ngazi ya kaunti, huketi, hujadili, na kuchapisha karatasi ndogo: swali hili Ndiyo, lile Hapana. Na tawi la kaunti likiona chama chake cha jimbo kimekosea, huweza kusema kinyume chake waziwazi. Ni kama CCM ya kata ya Pito iseme Hapana, na CCM ya mkoa wa Rukwa iseme Ndiyo, na wote wabaki na kadi zao mfukoni.