Ritifaa ya Ng'hoboko na gharama ya kuchelewa kuboresha violezo vya tovuti

KATIKA orodha ya kata za Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, majina ya Kimali na Ng'hoboko husomwa bila shida yoyote na mwenyeji wa Mwanhuzi au Bariadi. Kwa kompyuta inayotengeneza kurasa za tovuti, hata hivyo, majina hayo mawili hayalingani. La kwanza ni herufi tupu. La pili lina ritifaa, alama ndogo ambayo katika lugha ya kurasa za intaneti hutumika pia kufungua na kufunga maandishi.

Tovuti ikiandaliwa kwa uangalifu, ritifaa hiyo hupita salama. Ikiandaliwa ovyo, jina hukatwa baada ya herufi mbili za mwanzo, au msomaji hukuta "Ng&#39;hoboko" mahali palipostahili kuwa na jina la kata yake. Mara nyingi chanzo cha kasoro ya namna hiyo si hifadhidata wala simu ya msomaji, bali ni programu ndogo isiyojulikana na wengi: maktaba ya violezo.

Kiolezo ni nini

Kiolezo hufanana na kitabu cha stakabadhi cha chama cha msingi cha ushirika kinachonunua pamba. Maneno ya kudumu, yaani jina la chama, tarehe, uzito na bei, yamekwisha kuchapwa. Karani hujaza nafasi zilizo wazi tu. Katika tovuti, maneno ya kudumu pamoja na mpangilio wa ukurasa hukaa ndani ya kiolezo, na seva hujaza nafasi kwa taarifa kutoka hifadhidata kila mara mtu anapofungua ukurasa.

Faida yake huonekana wakati wa mabadiliko. Mwezi Machi 2012, Mkoa wa Simiyu uliundwa kutokana na sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Fomu za karatasi zilizochapwa jina la mkoa wa zamani zilipitwa na wakati zote kwa siku moja. Tovuti yenye kurasa elfu kumi zinazotokana na kiolezo kimoja ingehitaji kubadilishwa mstari mmoja tu.

Miongoni mwa lugha za kompyuta zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni Ruby, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1995 na Mjapani Yukihiro Matsumoto. Mwaka 2004, David Heinemeier Hansson wa Denmark alitoa Ruby on Rails, mfumo uliorahisisha ujenzi wa tovuti kwa lugha hiyo. Miaka miwili baadaye, Hampton Catlin alibuni Haml, maktaba ya violezo inayomwezesha mtaalamu kuandika ukurasa kwa mistari michache, bila kurudia tegi za kufungua na kufunga zinazojaa katika HTML ya kawaida. Haml imetumika katika programu kubwa zikiwamo GitLab na Mastodon.

Mlango wa wadukuzi

Kazi ya maktaba ya violezo haiishii katika kupanga maneno. Ndiyo pia inayolinda mlango. Mtu anapojaza jina lake katika fomu ya tovuti, hakuna kinachomzuia kuandika amri ya kompyuta badala ya jina. Ikiwa kiolezo kitaichapa amri hiyo kama ilivyo, kivinjari cha kila atakayefungua ukurasa ule kitaitekeleza. Kwa njia hiyo mdukuzi anaweza kuiba utambulisho wa mtumiaji aliyekwisha kuingia kwa neno lake la siri, au kuonyesha fomu ya uongo ya malipo.

Kinga yake ni kugeuza alama zenye maana maalumu ziwe maandishi ya kawaida kabla ya kuzichapa. Alama ya "ndogo kuliko" huwa "&lt;", na ritifaa huwa "&#39;". Kivinjari huzisoma na kumwonyesha msomaji alama halisi, lakini hakizitii kama amri.

Hadi mwaka 2010, watumiaji wa Ruby on Rails walitakiwa kukumbuka kuweka kinga hiyo wenyewe, kila nafasi kwa nafasi yake. Toleo la 3 la mwaka huo liligeuza utaratibu: kila taarifa hukingwa bila kuombwa, na anayetaka kuondoa kinga ndiye anayepaswa kusema hivyo waziwazi. Uamuzi huo uliokoa tovuti nyingi. Ulileta pia kero ya muda, kwa kuwa violezo vya zamani vilivyokuwa vikikinga vyenyewe vilihitaji kupitiwa upya. Taarifa inapokingwa mara mbili, hapo ndipo jina la Ng'hoboko hutokea likiwa na tarakimu katikati.

Kwa Usukumani jambo hili si dogo. Majina mengi ya watu na ya mahali huandikwa kwa ng' yenye ritifaa, na hata neno la kawaida kama ng'ombe haliepuki. Aidha, Haml kwa kawaida hufunga thamani za sifa za tegi kwa alama iyo hiyo ya ritifaa. Kiolezo kisichokinga kikikutana na jina la aina hiyo, sifa hufungwa kabla ya wakati na ukurasa huvurugika. Mfumo uliojaribiwa kwa majina ya Kiingereza pekee hauwezi kuonyesha kasoro hiyo hadi siku utakapofika Meatu.

Mabadiliko ya Haml 6

Mwezi Septemba 2022 lilitolewa toleo la 6 la Haml. Nje lilionekana kama toleo jingine tu. Ndani, injini yote ilikuwa imebadilishwa. Injini ya zamani iliachwa na nafasi yake kuchukuliwa na ile ya Hamlit, maktaba iliyoandikwa na Takashi Kokubun wa Japani kwa lengo la kuongeza kasi. Kasi ilipatikana, lakini kwa kuacha baadhi ya tabia za awali. Visaidizi vingi vilivyozoeleka, kikiwamo haml_tag, viliondolewa. Vilevile, namna ya kushughulikia sifa zenye thamani ya "si kweli" ilibadilika.

Badiliko hili la mwisho linastahili kueleweka vyema. Katika toleo la 5, sifa yoyote iliyopewa thamani ya "si kweli" haikuchapwa kabisa. Katika toleo la 6, hali hiyo ilibaki kwa sifa maalumu zinazotambuliwa, kama ile ya kuzima kitufe, pamoja na zile zinazoanza kwa data au aria. Sifa nyingine huchapwa pamoja na neno "false".

Chukuliwe mfano wa kufikirika wa chama cha ushirika katika kata ya Kimali chenye tovuti ya kuonyesha mauzo ya wanachama. Mtengenezaji alibuni sifa aliyoiita "amelipwa", na akaagiza kwamba kila mstari wenye sifa hiyo upakwe rangi ya kijani. Chini ya toleo la 5, mkulima ambaye hajalipwa hana sifa hiyo, na mstari wake hubaki mweupe. Baada ya kuhamia toleo la 6 bila kurekebisha kiolezo, sifa huwapo kwa wote, ingawa kwa wengine imeandikwa "false". Kivinjari kilichoagizwa kutazama tu kama sifa ipo hupaka kijani wakulima wote. Hakuna hitilafu inayotangazwa, wala seva haisimami. Ukurasa hufunguka vizuri kabisa, na unasema uongo.

Kwa nini basi kuboresha

Kwa kuzingatia hatari hizo, mtu anaweza kuuliza kwa nini toleo la zamani lisiachwe lilivyo. Jibu ni kwamba maktaba haiishi peke yake. Inategemea Rails, na Rails inategemea Ruby, ambayo kwa desturi hutoa toleo jipya kila Sikukuu ya Krismasi. Toleo la 2.7 la Ruby lilikoma kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa Machi 2023. Anayeng'ang'ania maktaba ya kale hatimaye hulazimika kubaki na lugha isiyolindwa tena, na udhaifu unapogunduliwa hana pa kupata dawa.

Nchini Tanzania, suala hili limepata uzito wa kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Orodha ya wakulima yenye majina, namba za simu na malipo ni taarifa za watu.

Hatua kwa hatua

Utaratibu wa kuboresha unajulikana, na hauhitaji miujiza. Kwanza ni kusoma waraka wa mabadiliko unaoambatana na kila toleo, kwani ndimo yanamoorodheshwa mambo yatakayovunjika. Pili ni kupanda ngazi moja moja: anayetoka toleo la 4 apite la 5 na kuyashughulikia maonyo yake kabla ya kufika la 6. Tatu ni kuboresha maktaba moja kwa wakati mmoja, ili hitilafu ikitokea chanzo chake kijulikane. Faili ya Gemfile.lock, inayohifadhi matoleo kamili ya maktaba zote, humwezesha mtaalamu kurudi alikotoka endapo mambo yataharibika.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa mara nyingi: kulinganisha kurasa. Kurasa zilizotengenezwa na toleo la zamani huhifadhiwa, kisha zile za toleo jipya huwekwa kando yake na kompyuta kuonyesha kila tofauti. Taarifa za majaribio ziwe na majina ya kweli ya mahali mfumo unapotumika, yaani Kimali na Ng'hoboko kwa pamoja, na ziwe na mkulima aliyelipwa na asiyelipwa. Mwisho ni kuchagua wakati. Msimu wa ununuzi wa pamba kwa kawaida hufunguliwa Mei. Si mwezi wa kubadili injini ya mfumo unaoandika malipo.

Afrika Mashariki si mgeni

Ujuzi wa kazi hii haupo mbali. Jijini Nairobi, wataalamu wa Ruby wamekuwa wakifanya mikutano yao, ukiwamo ule wa RubyConf Africa wa Julai 2024. Nchini Uganda, tovuti ya AskYourGov iliyozinduliwa mwaka 2014 ili wananchi waombe taarifa kutoka ofisi za umma ilijengwa juu ya Alaveteli, programu huria ya shirika la mySociety la Uingereza iliyoandikwa kwa Ruby on Rails. Mfumo wa Rails wenyewe ulibadilisha maktaba yake ya kawaida ya violezo mwaka 2017, katika toleo la 5.1, kutoka Erubis kwenda Erubi.

Mwaka huohuo, serikali ya Tanzania ilizindua tovuti za mikoa na halmashauri zilizojengwa kwa muundo mmoja, ingawa si kwa lugha ya Ruby. Funzo ni lilelile. Panapotumika kiolezo kimoja kwa ofisi nyingi, marekebisho mema huzifikia zote kwa mara moja, na kosa moja nalo huzifikia zote.

Kwa mkulima wa Kimali, majina ya maktaba hizi hayana maana yoyote, wala hayapaswi kuwa nayo. Anachohitaji ni kufungua ukurasa katika simu yake na kukuta jina lake limeandikwa sawasawa, na malipo yake yameonyeshwa kama yalivyo. Wajibu wa kuhakikisha hivyo ni wa wenye mifumo, nao unapaswa kutengewa muda na fedha kila mwaka, kama yanavyotengewa matengenezo ya mizani na maghala. Wahenga walikwisha kusema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta.