Kontra ya miezi michache, konje yake iko wapi?

Kontra inaisha Ijumaa. Siku ya kwanza ya juma mtu anaenda kutafuta malipo yake ya mwisho, anakuta mushahara wa siku alizotumika, basi. Akiuliza konje, ajansi inamujibu: «Enda uulize kule ulikuwa unatumika.» Kule nako banamwambia: «We hauko mutu wetu, ona na ajansi yako.» Anapanda na kushuka wiki mbili, transport inakula hata ile kidogo aliyolipwa, mwisho anaacha.

Leo tunaelezea deni hilo ni la nani na linahesabiwa namna gani. Tunasema na wale wote wanaotumika kupitia ajansi au kampuni ya katikati: walinzi, madereva, wanaosafisha maofisi, wapishi wa kambi za migodi, wabeba mizigo wa depo, na wale ONG inaowachukua kwa miezi mitatu wakati wa dharura. Hawako wachache. Mwaka 2021 shirika la Uingereza RAID pamoja na CAJJ ya Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba. Walikuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa wameingizwa kupitia makampuni ya katikati, na hawa njo walikuwa wanapata kidogo kuliko wenzao walioajiriwa na mgodi wenyewe.

Tuanze na sheria. Kode ya kazi ya Kongo ni sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002. Mambo ya konje yako kuanzia kifungu cha 140. Kwa mtu mwenye kupita miaka 18, konje haiwezi kuwa chini ya siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika. Kwa kijana asiyefikisha miaka 18, ni siku moja na nusu. Kila miaka mitano kwa mwajiri yule yule, inaongezeka siku moja. Siku ya kazi maana yake Jumapili na sikukuu hazihesabiwe ndani.

Siku 12 kwa mwaka si nyingi, tuseme ukweli. Makampuni makubwa yanatoa zaidi kwa sababu sendika zilipigania mapatano ya pamoja. Lakini mtu wa ajansi mara nyingi mapatano hayo hayamfikii, hata kama anavaa kofia ile ile na kula kwenye kantini ile ile. Yeye anabaki na kile sheria inasema. Basi angalau hicho akipate.

Na hapa njo penye kosa ambalo wengi wanalimeza. Wanaambiwa konje ni ya mtu aliyemaliza mwaka, wewe ulifanya miezi saba, hauna kitu. Ni kweli kwamba kwa kwenda kupumzika nyumbani, haki ya konje inafunguka mwaka ukitimia. Lakini kontra ikiisha mbele ya hapo, siku ulizokwisha kuchuma hazipotee. Sheria inasema konje inageuka kuwa malipo, hata kontra iishe wakati gani: iwe ilifika mwisho wake, iwe walikufukuza, iwe wewe mwenyewe uliacha. Kwa mtu wa kontra fupi, konje karibu siku zote inakuja hivi, kama makuta na si kama mapumziko.

Hesabu yake haina siri. Tuseme mtu analipwa 30.000 FC kwa siku, na alitumika miezi tisa mizima. Siku tisa mara 30.000 ni 270.000 FC. Kama mushahara wako unahesabiwa kwa mwezi, kawaida unaugawa kwa 26 ili kupata bei ya siku moja. Usisahau kwamba hesabu inafuata malipo uliyokuwa nayo wakati wa kutoka, si yale ya siku ya kuingia. Prime uliyozoea kupata na posho ya maisha magumu vinahesabiwa ndani ya malipo. Pesa ya transport na ya nyumba, hapana. Kode inaweka pesa ya konje yenyewe ndani ya kile inachokiita malipo ya mfanyakazi. Kwa hiyo si zawadi ya shefu, ni sehemu ya kile ulichotumikia.

Sasa nani analipa? Angalia jina lililo juu ya kontra, na jina la anayekutolea mushahara. Kama ni ajansi, ajansi njo mwajiri wako na deni ni lake. Kampuni unakotumika inakupa kazi ya kufanya na saa za kuingia, lakini kwa makaratasi wewe uko wa ajansi. Inafaa kujua pia namna pesa inavyotembea. Kwa kawaida ajansi inaandikia kampuni faktura kwa kila mtu: mushahara, michango ya CNSS, INPP na ONEM, akiba ya konje, halafu faida ya ajansi. Mara nyingi basi pesa ya konje yako imekwisha kutoka kwa kampuni kila mwezi, imelala kwa ajansi. Ajansi ikisema «kampuni haijatutumia», hilo ni jambo lao wawili. Wewe haukuandika faktura.

Kuna ajansi zinazosema konje «iko ndani» ya pesa ya kila siku. Jibu fupi ni: mnioneshe. Kila malipo mwajiri anapaswa kukupa dekonti ya maandishi yenye kuonesha kila kitu. Kama hakuna mstari wa konje, ni vigumu waseme walikulipa.

Kwa wale wa siku kwa siku, mambo yanafichika zaidi. Mtu anaitwa asubuhi kwenye mlango, anatumika, anaenda, na kesho tena. Miaka inapita hivyo. Kode inasema hivi: ukishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili kwa kuajiriwa siku kwa siku, wakikuchukua tena mbele ya ile miezi miwili kwisha, kontra yako inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Hapo siku za konje zinaanza kujipanga kama za mtu yeyote. Kwa kontra za muda uliopangwa pia kuna mpaka. Kwa kawaida hazipite miaka miwili, na mwajiri hawezi kukusainisha zaidi ya mbili, isipokuwa kwa kazi za msimu au kazi maalumu zilizoelezwa wazi. Akipita mpaka, kontra inageuka yenyewe kuwa ya muda usio na mwisho. Ndiyo maana unaona ajansi nyingine inabadilisha jina, na kazi inabaki ile ile, kiti kile kile. Ukiona hivyo, tunza kontra ya zamani pamoja na mpya. Zikiwa pamoja zinaeleza mengi.

Na mtu asiye na karatasi? Kode inamruhusu kuonesha kazi yake kwa njia yoyote: kadi ya kuingilia, ujumbe wa mobile money, daftari la zamu, wenzake waliotumika naye. Andika siku zako kwenye kikaye, kila jioni. Ni kazi ndogo, na mbele ya inspekta ina uzito.

Kontra ikiisha, kile unachodai kinapaswa kulipwa ndani ya siku mbili za kazi. Wakikupa dekonti ya mwisho usaini, soma kwanza. Kama uliisha kusaini bila kulalamika kwa sababu watoto walikuwa wanangoja chakula, kupokea hesabu ile hakumaanishi umeacha haki yako. Unaweza bado kudai kilichobaki.

Anza kwa barua fupi kwa ajansi, nakala mbili, moja waipige muhuri wa kupokea. Wakinyamaza, peleka jambo kwa inspekta wa kazi wa pale ulipotumika. Ni lazima kupita kwake: tribinali ya kazi haipokee malalamiko ya mtu mmoja ambayo hayajapita kwanza kwenye upatanisho wa inspekta. Anaita pande mbili, anaandika kama walipatana au walishindwa. Ile karatasi ya kushindwa kupatana njo inafungua mlango wa tribinali.

Usikawie. Madai ya mushahara yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku ulipopaswa kulipwa, na kwa vile konje imo ndani ya malipo, ajansi inaweza kukupinga kwa muda huo. Hesabu mwaka mmoja, hata kama mtu anakuambia ni mitatu. Hili linagusa sana wale kazi yao ilisimama huko Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wakati M23 iliingia na banki zikafunga. Kontra ikiwa iliisha kwa ajili ya hayo, miezi waliyotumika mbele yake iliwachumia siku zao. Mtu ambaye bado ana barua yenye muhuri au karatasi ya inspekta ya wakati ule, aitafute leo na aende nayo kwa mtetezi wa sendika au kwa avoka, wamuangalizie tarehe.