Pikipiki nzito ikikulalia, haya isikuponze

Ukiiacha barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi hapo Kikambala ukaelekea ufuoni, lami huisha na mchanga ukaanza. Hapo ndipo mgonjwa wangu mmoja, mwanamume wa makamo aliyetoka Mombasa kupunga upepo na pikipiki yake kubwa, alipopatwa na ajali aliyoona haya hata kunisimulia. Hakugongwa na gari wala hakuwa akienda mbio. Alikuwa akigeuza kwa mwendo wa mtu anayetembea, gurudumu la mbele likazama mchangani, naye akaanguka na pikipiki kumlalia.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakingojea abiria walicheka. Kwa aibu aliinuka upesi, akainama, akaiinua pikipiki peke yake na kwenda zake. Alinijia siku ya tatu, mgongo umekaza na kifundo cha mkono kimevimba.

Mpenzi msomaji, wengi hudhani pikipiki huumiza kwa kasi tu. Ni kweli kasi ndiyo inayoua. Lakini pikipiki ya safari ndefu kama BMW R 1250 GS ina uzito wa kilo 249 ikiwa na mafuta, takriban mara mbili ya zile za bodaboda. Ikishainama kupita kiasi, hakuna misuli ya binadamu itakayoizuia. Anayeng'ang'ania kuishika huumia bega au mgongo, na anayechelewa kutoa mguu hubanwa. Kwa hivyo ikikuzidi nguvu, iachilie na ujiondoe. Kioo hununuliwa dukani, mguu hauuzwi.

Jichunguze kwanza

Zima injini, kisha keti kivulini. Jaribu kutembea hatua nne. Ukishindwa, au mfupa wa kifundo cha mguu ukiuma unapobonyezwa, nenda ukapigwe picha ya eksirei.

Mguu uliobanwa uangaliwe kwa saa kadhaa. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, shavu la mguu likawa gumu na vidole vikafa ganzi, kimbilia hospitali usiku huo huo. Huenda uvimbe wa ndani unaibana misuli na kuizuia isipate damu, na misuli hiyo yaweza kufa katika muda wa saa chache tu.

Ukiunguzwa na bomba la moshi, mwagia maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala samli. Jeraha lililoingia mchanga lioshwe vizuri, na umuulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda.

Mgonjwa wangu alidhani mkono umeteguka, akaenda kuchuliwa. Kumbe kimoja kati ya vifupa vinane vya kifundo cha mkono, kile kilicho chini ya kidole gumba, kilikuwa kimepasuka. Kifupa hiki hupata damu kwa shida, na aghalabu ufa wake hauonekani katika picha ya kwanza. Ndiyo maana daktari huufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Kikipuuzwa, huenda kisiunge kabisa.

Namna ya kuinua

Omba msaada. Vijana wale wale wanaocheka ndio watakaokusaidia ukiwaita. Ukiwa peke yako, tia gia ili magurudumu yasibingirike. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza, isije ikaangukia upande wa pili. Ipe pikipiki mgongo, chuchumaa, makalio yaegemee kiti. Mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma. Nyoosha mgongo, kisha isukume kwa nguvu ya miguu, ukirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Usiinue kwa kuinama kamwe.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mgonjwa wangu aliona haya kwa dakika moja, akaishi na plasta kwa majuma mengi. Nawe ukimwona mwenzio ameanguka, muulize kwanza kama ameumia. Kicheko kitangoja.