Fahamu: Jinsi dawa za ugonjwa wa akili zinavyovuruga homoni za wanawake zaidi

Binti anatumia haloperidoli au risperidoni. Hedhi inakatika, kisha sidiria inalowa maziwa ilhali hanyonyeshi. Jamaa wanashuku mimba, au jini. Mara nyingi chanzo ni dawa.

Kinatokea nini?
Dopamini, kemikali ya ubongo, huizuia tezi ya pituitari isimwage prolaktini, homoni ya maziwa. Dawa hizi huifungia dopamini njia, na prolaktini hupanda, kwa wanawake zaidi hata dozi ikiwa ileile. Wanaume nao hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa. Wengine huvimba matiti.

Jeni zinaingiaje?
Risperidoni huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini, CYP2D6. Aina ya jeni iitwayo *17, ya kawaida kwa Waafrika na adimu kwa Wazungu, hukipunguzia kasi, dawa ikakawia mwilini. Lakini jeni pekee haiamui nani atadhurika.

Ufanye nini?
Usiache dawa ghafla. Ugonjwa unaweza kurudi. Mweleze daktari bila haya. Wakazi wa Mombasa bara wanayo Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, yenye kitengo cha akili. Prolaktini hupimwa kwa damu. Dozi yaweza kupunguzwa, au ukabadilishiwa dawa, mathalani aripiprazoli. Na upime mimba: kukosa hedhi si kinga.