Kovu la upasuaji: Weka limau kando kwanza

Nyuzi zimetolewa, umeambiwa uko sawa, uende nyumbani. Unafika kwa nyumba, unafunga mlango, unainua shati mbele ya kioo na kuuangalia ule mstari tumboni. Kufikia kesho yake kila mtu ni daktari. Shangazi anasema limau. Jirani anasema dawa ya meno. Msichana fulani wa TikTok anasema kahawa na asali. Na ukipita Dubois Road pale mjini, hutakosa mtu wa kukuuzia kikopo kisicho na lebo akiapa kovu litaisha kwa wiki mbili.

Tuanze na huyo wa wiki mbili, kwa sababu ndiye anakula pesa za vijana. Hakuna kovu la upasuaji linaloisha kwa wiki mbili. Chini ya ngozi kazi huendelea mwaka mzima, wakati mwingine hadi miezi 18. Mwili huziba pengo kwa kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, na mwanzoni huirundika ovyo ovyo kama fundi anayetaka ukuta usimame kwanza, plasta atapiga baadaye. Wiki 3 baada ya upasuaji, mahali pale pana kama asilimia 20 tu ya nguvu za ngozi ya kawaida. Miezi 3 ikiisha, panakaribia asilimia 80. Ndiyo maana kovu la mwezi wa pili linaweza kuonekana baya kuliko la wiki ya tatu: limeinuka, limekauka, linawasha. Wengi huingiwa na baridi hapo na kukimbilia kikopo.

Sasa kikopo chenyewe kina nini? Mara nyingi ni krimu ya kujichubua tu, imepewa kazi mpya. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya, lakini bado hupenya sokoni. Zebaki ukiipaka inaingia mwilini, na figo ndizo hulipa. Limau nayo ni mambo mengine. Ukiipaka kisha utoke juani, ngozi inaweza kuungua na kubaki na doa jeusi kuliko hata kovu ulilokuwa unalikimbia. Dawa ya meno ni ya meno, tuiache huko.

(Mimi si daktari, niliacha chuo mwaka wa pili. Haya nimeyasoma na kuwauliza wauguzi maswali hadi wakanichoka. Ukiambiwa tofauti na aliyekupasua, msikize yeye.)

Kinachosaidia mwanzoni hakina mbwembwe hata kidogo: unyevu. Tumelelewa tukiambiwa kidonda kiachwe kikauke, kipigwe na upepo. Mwaka wa 1962, mtafiti George Winter alionyesha kwa kutumia nguruwe kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu hufunika ngozi mpya haraka kuliko lililoachwa wazi likafanya kigaga. Kwa hivyo ukishapewa ruhusa ya kulowesha mshono, osha kwa maji na sabuni isiyo kali, paka Vaseline kidogo kwa mikono safi, funika. Usibandue kigaga, hata kikiwasha namna gani. Ukiona usaha, harufu, wekundu unaosambaa, homa ama mshono unafunguka, hilo si suala la kovu tena. Rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Jeraha likishafunga kabisa, ndipo silikoni inaingia. Iko ya jeli na iko ya karatasi laini inayonata, na madaktari wengi huanza na hiyo wakitaka kuzuia kovu lisiinuke. Karatasi hukaa kwa ngozi angalau saa 12 kwa siku, kila siku, kwa miezi 2 hadi 3. Unaitoa, unaiosha, unaosha ngozi, unairudisha. Kwenye joto inaweza kuleta vipele, kwa hivyo ipumzishe kidogo ukiona hivyo. Bei yake inauma ukilinganisha na kikopo, sitakudanganya, lakini karatasi moja hurudiwa mara nyingi. Na haifuti kovu. Inalilaza na kulilainisha, basi.

Masaji ni ya bure. Daktari akikubali, kwa kawaida wiki 2 ama 3 baada ya upasuaji, bonyeza kovu kwa kidole na ulizungushe taratibu, dakika 10 hivi, mara mbili kwa siku. Hapa ndipo mafuta ya nazi ama alovera yanapata kazi, kwa sababu kidole kinahitaji kuteleza na ngozi inahitaji kulainika. Ila usiyatarajie yafute kitu. Asali ina sifa halali kwenye vidonda, ile iliyosafishwa kwa matumizi ya hospitali, lakini kidonda si kovu. Na zile tembe za vitamini E ambazo watu hutoboa na kupaka? Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka wa 1999 ulipata kwamba kwa asilimia 90 ya waliojaribu hazikusaidia ama zilifanya kovu liwe baya zaidi, na thuluthi yao walipata mwasho wa ngozi. Kula mayai, ndengu na omena badala yake, kwa sababu mwili haushoni bila protini. Sigara nayo hunyima jeraha oksijeni, kwa hivyo ukiweza iache wiki kadhaa kabla ya upasuaji.

Jua. Sisi weusi tumejiambia mafuta ya kukinga jua ni ya wazungu, kumbe kovu changa likipigwa na jua hushika weusi ambao huchukua miezi kutoka. Nguo inatosha kama liko tumboni. Kama liko shingoni ama mkononi, tafuta mafuta ya SPF 30 kwenda juu.

Lakini kuna kovu ambalo haya yote hayataliweza. Kovu la kawaida lililoinuka hukaa ndani ya mipaka ya mshono na huweza kushuka lenyewe. Keloidi huvuka mipaka, inaendelea kukua hata mwaka mmoja baadaye, na hupenda watu weusi, hasa walio kati ya miaka 10 na 30. Yaani wewe. Kifua, mabega, taya na ndewe za masikio ndizo ngome zake. Dada mmoja wa mtaa wetu alikuwa na uvimbe nyuma ya sikio tangu atobolewe akiwa darasa la sita. Alipopasuliwa akijifungua, hakuna aliyemuuliza kuhusu sikio, naye hakuona kama linahusiana na tumbo. Leo mshipi wa suruali ukimgusa pale anaruka.

Kwa hivyo kama wewe, mamako ama ndugu yako ana keloidi, sema kabla hujalala kwa meza ya upasuaji. Daktari anaweza kupanga mapema namna ya kushona na kukufuatilia. Na usikubali mtu aikate tu, kwa sababu ikikatwa bila matibabu mengine hurudi mara nyingi, wakati mwingine ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Matibabu ya kawaida ni sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, kila wiki 4 hadi 6. Zinauma, na zinaweza kuacha ngozi nyeupe kidogo pale. Keloidi ndogo huitikia sindano vizuri kuliko kubwa, kwa hivyo piga kovu lako picha kila wiki mbili, mwangaza ule ule, na sarafu kando yake. Likivuka mshono, peleka hizo picha kwa daktari wa ngozi.