Injini Mpya ya Ndege ya Mfano Inataka Joto

Fundi wa magari akimaliza kufanya ovahoo humwambia mwenye gari asiikimbize injini siku za mwanzo. Wengi wanaoanza kurusha ndege za mfano huhamishia desturi hiyo kwenye injini zao ndogo za metanoli. Hufungua sana sindano ya kabureta ili mafuta yaingie kwa wingi, injini ikatema moshi na kubaki vuguvugu, nao wakaamini wameitunza. Kwa sehemu kubwa ya injini zinazouzwa sasa, upole huo ndio unaozichakaza.

Injini hizi hazina cheche. Tangu Mmarekani Ray Arden alipoanza kuuza plagi yake mwaka 1947, kazi ya kuwasha imekuwa ya kijiwaya cha platinamu kilichosokotwa ndani ya plagi. Betri ya volti 1.5 hivi hukipasha mpaka kiwe chekundu. Injini ikishaunguruma betri huondolewa, kwa kuwa mvuke wa metanoli ukigusa platinamu huzalisha joto, na joto la kila mlipuko hukisaidia kijiwaya kubaki kimewaka hadi mlipuko unaofuata. Kwa hiyo injini iliyopoa kwa kumwagiwa mafuta mengi mno huzimika mara betri inapotolewa, na anayeanza hudhani plagi imekufa. Mafuta yakijaa juu ya pistoni hali huwa mbaya zaidi: kimiminika hakibanwi, na stata ya umeme ikilazimisha, konrodi hupinda. Ndiyo maana propela huzungushwa kwanza kwa mkono, plagi ikiwa haina umeme, ili kuhisi kama kuna kizuizi.

Kuhusu kuizoesha injini, kinachoamua ni metali. Injini za zamani, na baadhi ya kubwa za leo, zina ringi ya chuma inayosuguana na silinda ya chuma. Nyuso hizo zina vinundu vidogo ambavyo lazima vilikane taratibu, na kila msuguano huzua joto mahali pake. Hapo mafuta mengi na mwendo wa chini vina maana, na wazee waliotushauri hivyo hawakukosea. Lakini injini nyingi ndogo za sasa hazina ringi. Pistoni ni ya alumini, na silinda ni ya shaba iliyochanganywa na zinki, ikapakwa kromu ndani. Tundu la silinda limechongwa likiwa jembamba kidogo upande wa juu, ndiyo maana injini ikiwa baridi pistoni hubana inapofika kileleni. Sehemu hiyo ya juu ndiyo inayopata moto zaidi. Ikitanuka, tundu hunyooka na pistoni hupita bila kukwaruzwa. Ukiizuia isipate joto, pistoni hugonga shingo nyembamba mara 160 na zaidi kwa sekunde katika mizunguko 10,000 kwa dakika. Alumini ya ukingo wake huliwa, na mbano hupotea kabla ndege haijaruka.

Wapo watakaosema kwamba kuibana sindano mapema kutaiunguza injini. Hofu hiyo ni ya haki, kwa sababu mafuta ya kulainisha yamechanganywa ndani ya metanoli yenyewe: ukipunguza kimoja umepunguza vyote. Jibu ni kuifikisha kwenye joto la kazi kwa muda mfupi. Iache iende kwa dakika mbili au tatu ikiwa na mafuta kiasi cha kutoa mkia wa moshi unaoonekana, kisha izime ipoe kabisa, na urudie. Mafuta ya nyonyo kidogo ndani ya mchanganyiko ni kinga nzuri, maana hustahimili moto uliokwisha kuyashinda mengi ya viwandani, ingawa huacha utando wa kahawia.

Wengine husema mashine za kisasa huchonga kwa usahihi kiasi kwamba kazi hii yote ni ushirikina. Usahihi umepunguza muda, haukuufuta: injini mpya ikifungwa sindano mpaka kasi ya juu kabisa, aghalabu huishikilia sekunde chache kisha huanza kulegea kwa sababu msuguano unapanda pamoja na joto. Siku itakapoishikilia kasi hiyo bila kushuka, iko tayari kufungwa kwenye ndege, na hata hapo sindano ifunguliwe kidogo kabla ya kuruka, kwa kuwa propela hewani huwa na mzigo mdogo, nayo injini huongeza kasi.